Kula Si Lazima

Mwanangu Zuhura,

Barua hii utaisoma ukiwa ndani ya basi, umeshaiacha Morogoro nyuma na umeshachoka kutazama dirishani. Najua utakuwa ndani ya basi kwa sababu jioni hii nitakufunga. Nakuandikia hivyo kabla hujarudi na kabla sijasogeza kete hata moja, usije ukasema mama alibahatisha.

Sasa hivi ni alasiri. Uko kwa Mama Swaumu unasuka, na kwa wingi wa nywele zako na wa maneno ya Mama Swaumu, sikutegemei kabla ya magharibi. Begi lako liko sebuleni, nusu limefungwa, nusu liko wazi, kama ulivyo mwenyewe wiki hii nzima. Ubao wa sataranji uko kwenye stuli pale ulipouacha. Nimeufunika kwa kawa ili jogoo asiingie akacheza kwa niaba yangu.

Nirudie makubaliano yetu, kwa sababu wewe ni mwalimu sasa na walimu mna kawaida ya kugeuza maneno. Asubuhi, mbele ya shangazi yako Mwajuma, ulisema: "Mama, tumalize hili gemu. Ukinifunga, kesho napanda basi naenda Kasulu kufundisha. Nikikufunga mie, nabaki Dar, naenda dukani kwa mjomba." Shangazi yako alicheka mpaka akashika mbavu, maana tangu unifundishe mchezo huu sijakufunga hata mara moja. Nikasema sawa. Ukamsogeza malkia wako, ukamwacha mbele ya malkia wangu bila mlinzi, ukachukua mtandio. Mlangoni ukageuka. "Zamu yako, mama. Fikiria taratibu." Una dharau, mwanangu, lakini hukuiokota njiani. Umeirithi.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na sweta la baridi sitayaandika. Hayo shangazi yako ameshayaanza na hatayamaliza mpaka basi ling'oe nanga. Mie nataka kuzungumza na wewe habari ya kula.

Unajua nilikulia Tandika, kwenye banda la babu yako la kutengeneza baiskeli. Mbele ya banda palikuwa na kijiwe cha drafti. Ubao wake ulikuwa kipande cha mbao kilichochorwa kwa wino, kete zake vizibo vya soda, hawa wamelala chali, wale kifudifudi. Mie nilikaa pale kumpa babu yako spana anazotaka, nikaishia kuijua drafti kuliko spana. Drafti ina sheria moja isiyo na huruma: kula ni lazima. Kete ya mwenzio ikikaa pa kuliwa, unaila, utake usitake. Ukijifanya huioni, kijiwe kizima kinapiga kelele, "Kula! Kula kwanza!" Ufundi wote uko hapo. Mjuzi wa drafti hakuwindi, anakulisha. Anakupa moja, unakula kwa lazima, na mdomo ukiwa bado umejaa anakupitia tatu na kuingia kingi.

Nilikuwa hodari, nisikufiche. Kulikuwa na mzee tuliyemwita Bonde ambaye alikataa katakata kucheza na mtoto wa kike. Siku moja babu yako akamwambia, "Basi cheza na mie. Huyu atanisogezea kete tu, mkono unaniuma." Mzee Bonde akakubali. Babu yako akakaa na mkono wake mgonjwa mapajani, hakutamka neno, na mie nikasogeza kete nilivyotaka mwenyewe. Nilimlisha moja, nikampitia tatu, Mzee Bonde akafungwa, akaondoka anamsifu babu yako mtaa mzima. Babu yako alizipokea zile sifa bila haya yoyote.

Kwa hiyo ulipokuwa kidato cha pili ukaja na ubao wa plastiki kutoka shuleni, askari mmoja amepotea tukamwekea kizibo cha soda, mie nilijiona niko nyumbani. Nyie mliuita mchezo wa chesi. Siku ya kwanza uliposema "cheki", niligeuka kutazama mlangoni, nikidhani kuna mgeni. "Hapana, mama. Cheki maana yake mfalme wako anavamiwa!" Alikuwa anavamiwa kweli, na hakupona.

Nami nilikula. Ee Mola wangu, nilikula! Ukisogeza askari, nala. Ukileta tembo, nala. Gemu linaisha, kando yangu kuna rundo la kete zako na mfalme wangu amekufa. Baada ya siku kadhaa ukaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza ugonjwa:

"Mama, mbona unakula kila kitu?"

"Si lazima?"

"Nani kasema?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Huku kula si lazima, mama. Ukitaka unakula, hutaki unaacha." Nikakuuliza tena kama una hakika. Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba na mtoto wa sekondari, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitu kikiwekwa mbele yangu ninaweza kukiacha kilipo. Wewe ulisahau siku ileile. Mie nilitembea nalo neno hilo, mpaka bandani kwa kuku.

Kwa maana nilianza kujihesabia vitu nilivyokula. Jirani alipohama akaniachia bata wake, nikachukua, na wewe ndiye waliyekufukuza kutoka chooni mpaka jikoni kwa mwaka mzima. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi za watu ambao sijui majina ya baba zao, kwa sababu tu mtu alisema, "Mama Zuhura, wewe unafaa." Lile kabati kubwa lisilopita mlangoni tulilipata hivyohivyo. Marehemu baba yako alikuwa akiniambia, "Wewe mke wangu ukipewa kilema cha mtu utasema ahsante." Tulikuwa tunacheka. Haikuwa mzaha sana.

Na liko moja ambalo hulijui vizuri. Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya kusomea mifugo huko Morogoro. Cheti tu, si makuu. Babu yako alikuwa ameshaninunulia begi. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa Temeke, tukimwita Bi Shirini, akamwambia babu yako anatafuta msichana mwaminifu wa kuuza, aanze Jumatatu. Hakuna aliyenilazimisha. Babu yako aliniuliza mara moja tu, akaendelea kuziba pancha. Kazi ilikuwa imekaa pa kuliwa, nikaila.

Sitakuambia kwamba maisha yangu yaliharibika. Bi Shirini alikuwa mwema, alinifundisha kupima kitambaa bila kumpunja mtu na kumtazama mteja usoni. Na pale dukani ndipo baba yako alipokuja kununua kitambaa cha suruali, akarudi kununua kingine, akarudi tena, mtu ambaye nilikuja kugundua ana suruali mbili tu maisha yake yote. Kama si duka, wewe hupo. Kwa hiyo duka nimelisamehe.

Lakini tulipohamia huku Chanika nikaanza kufuga, nilijifunza kwa kuua. Kuku wa kwanza walimalizwa na ugonjwa wa kideri. Waliofuata niliwaua kwa baridi, niliondoa taa mapema kwa ubahili. Kila nilipowazika nyuma ya banda nilikuwa nikijiambia, hili walilifundisha Morogoro siku ambayo mie nilikuwa nakunja vitenge. Leo watu wanakuja kutoka Pugu kuniuliza habari za kuku, nami nawajibu kwa kujiamini, lakini ule ujuzi nimeulipia mara mbili. Na kinachonisumbua hasa ni kitu kidogo. Nikiitafuta kichwani ile siku niliyoamua kwenda dukani, siipati. Nakumbuka begi, nakumbuka pancha, nakumbuka Jumatatu. Sikumbuki kufikiri.

Sasa nikueleze nilivyoiona ya leo, kwa sababu utataka kujua na kiburi kitakuzuia kuniuliza.

Ulipotoka tu, nilinyoosha mkono kumla malkia wako. Vidole vilishamgusa. Malkia mzima, bure, hana mlinzi! Kijiwe chote cha Tandika kilikuwa kinanipigia kelele masikioni. Nikarudisha mkono, nikakalia mikono yote miwili, kweli nimekaa juu yake, na jirani angepita angedhani nimepandwa na kitu. Halafu nikafanya jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya. Nilihamia kwenye kiti chako.

Nikautazama ubao kwa upande wako, nikaona ulichonipikia. Malkia wangu akitoka kwenda kumla wako, ngome yako inateremka moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho wa nyumbani kwangu. Mfalme wangu yupo pale nyuma ya askari wake watatu, hana pa kutokea, maana askari niliowaweka wamlinde ndio waliomziba. Hapo ndipo gemu lingekwisha. Zuhura anabaki Dar, na mama ameshiba.

Nilikasirika kidogo, kisha nikakusifu. Nikaenda kuwabadilishia kuku maji ili hasira ipoe. Niliporudi sikuutazama tena upande wangu, nilitazama nyumbani kwa mfalme wako. Mwanangu, na wewe umemziba wa kwako! Yuko kwenye kona kabisa, askari wawili wamemsimamia mlangoni kama walinzi wa benki. Karibu yake amesimama farasi wangu, ambaye ulimpuuza kwa sababu mie farasi huwa nampeleka kula tu, sijui kazi yake nyingine.

Nikajaribu kichwani. Malkia wangu aende moja kwa moja kando ya mfalme wako? Mfalme anamla, basi, nimegawa. Farasi aanze? Farasi anaruka, cheki, mfalme anasogea hatua moja nje ya kona. Farasi anaruka tena, na sasa mfalme anavamiwa na wawili kwa mpigo, farasi na malkia wangu aliyekuwa nyuma ya farasi akichungulia. Anarudi konani. Farasi anaruka, mfalme anatoka. Farasi anaruka, anarudi. Nikawa kama mtu anayeswaga mbuzi kuzunguka nguzo. Nilizunguka hivyo mpaka chai ikapoa, na karibu niseme kwamba hamna kitu hapa, bora nile nipumzike.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Bonde na kete zake. Mlishe, nikajisemea. Huyu mtoto hajawahi kulishwa.

Fuatilia. Farasi anaruka, mfalme wako anatoka konani. Farasi anaruka tena, wawili wanamvamia, anarudi konani. Akikimbilia upande wa pili anakufa mapema zaidi, nimeangalia. Sasa hapo, badala ya kuruka na farasi, nambeba malkia wangu, kete ninayoipenda kuliko zote, namweka ubavuni kwa mfalme wako, mdomoni kabisa. Mfalme hawezi kumla safari hii, kwa kuwa farasi wangu anamlinda. Kukimbia hawezi. Kete moja tu inaweza kumwokoa, ngome yako ileile uliyoiandaa iniue, na njia yake ni moja: imle malkia wangu. Itakula, itakaa palepale, na kwa kukaa kwake itaziba tundu la mwisho. Farasi wangu anaruka mara moja zaidi, na mfalme wako anakufa akiwa amezungukwa na watu wake mwenyewe.

Ulinifundisha kwamba huku kula si lazima. Nami nimezunguka ubao mzima nikakutafutia sehemu moja ambapo ni lazima.

Nilipoiona nilipiga kigelegele peke yangu. Kuku wote walinyamaza.

Sasa kuhusu mjomba wako. Usifikiri nina kinyongo na kaka yangu. Ana duka zuri la mapazia Kariakoo, ana chumba cha uani kimeshapakwa rangi, na amekuahidi mbingu na ardhi. Nimekaa kwenye kiti chake pia, nikatazama. Anataka mtu wa kushika droo ambaye hataiba, na mpwa hamuibii mjomba wake. Kwake yeye wewe ni jibu zuri sana. Lakini hajawahi kukuuliza kama unapenda mapazia. Nami sijawahi kukuona ukifurahia kitu kama siku ile ulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ukarudi na chaki mpaka kwenye nyusi, ukaniambia kuna mtoto darasani ameelewa hesabu za sehemu, ameelewa kabisa, nikafikiri kuna mtu amezaa.

Na wewe husemi unataka mapazia. Unasema mama atabaki na nani. Umeanza kuyatazama magoti yangu ninaponyanyuka. Umeanza kuniuliza kama nimekula, wewe uliyekuwa hujui hata chumvi inawekwa wapi. Zuhura, nisikilize. Nina kuku, nina majirani, nina shangazi yako anayekuja bila kualikwa na kuondoka bila kufukuzwa. Magoti yanauma kwa sababu ni ya zamani, yataniuma ukiwepo na yataniuma ukiwa Kasulu. Upweke nitaupata, sitakudanganya. Nitaweka sahani mbili kwa mazoea na nitairudisha moja kabatini. Ni wangu huo, nitaubeba.

Huko uendako watakupa vitu. Watakupa uongozi wa kamati, kiwanja cha bei ya chee, mchumba mwenye pikipiki mpya. Vingine ule, mie si mtu wa kukuambia ukae na njaa. Ila kabla hujanyoosha mkono, nenda kakae kwanza kwenye kiti cha anayekupa. Kama bado ni kitamu ukikitazama kutoka kule, bismillahi.

Nasikia geti. Sauti yako hiyo, unamsalimia jirani. Naficha barua.

*

Nimerudi kuandika. Uko chumbani unaongea na mjomba wako kwa simu, nasikia unavyomwomba radhi, mara unacheka, mara unanyamaza. Begi umelifunga. Nimeisikia zipu yake.

Uliingia umesukwa vizuri, paji la uso limevutwa mpaka macho yamekuwa ya Kichina, ukasema, "Shikamoo mama. Umeshamla malkia wangu?" Nikasema, "Marahaba. Kaa." Nikarusha farasi. Ukasogeza mfalme huku ukitafuta maji ya kunywa. Nikarusha tena. Ukaacha kutafuta maji. Nilipomweka malkia wangu ubavuni kwa mfalme wako, ulisema tu, "Mama?" Ukatazama huku, ukatazama kule, mkono wako ukaenda kwenye ngome ukarudi, ukaenda tena. Hukuwa na pengine. Ukala. Nami nikamaliza.

Sikushangilia, uliona. Nilidhani nitashangilia. Ulimlaza mfalme wako chali, ukanikumbatia na nywele zile zinanichoma shavu. Sijui kama hukuiona hatari hiyo, au uliiona asubuhi ukaniachia. Usiniambie. Vyovyote iwavyo, umeondoka kwa heshima.

Halafu ukaniuliza: "Lakini mama, mbona umecheza harakaharaka hivyo? Hata hukufikiria." Nikakujibu kwamba nilishafikiri mchana. Ni kweli, lakini si jibu lote, na jibu lililobaki nimeona nikupe ukiwa mbali, mahali ambapo huwezi kushuka na kurudi.

Malkia wako alikuwa amesimama palepale, Zuhura. Mpaka farasi wangu aliporuka mara ya kwanza, nilikuwa bado naweza kumla. Ngome yako ingeshuka, ungenifunga, kesho ungeamkia humu ndani, na hakuna mtu ambaye angenilaumu. Wangesema tu, Mama Zuhura si ndiyo kawaida yake, anakula kila anachopewa. Nilicheza haraka kwa sababu ulikuwa umekaa mbele yangu, na ningekutazama kidogo tu, ningekula.

Mama yako